Kutoiona Sumu Si Thibitisho Kwamba Haipo

Mvuvi atupaye jarife baharini, kisha akarejea pwani na kutangaza kwamba bahari haina dagaa, atachekwa hata na watoto. Jarife ni wavu wa papa. Dagaa wamepita katika matundu yake wakaenda zao, na kosa si la bahari wala si la macho ya mvuvi. Kosa ni la wavu. Ajabu ni kwamba kosa lilo hilo likitendwa maabarani, hatucheki. Twapokea karatasi yenye mhuri isemayo kwamba hakuna dawa ya kuua wadudu iliyoonekana katika damu ya mgonjwa, twaikunja na kuitia mfukoni, na tangu hapo twaamini kwamba mgonjwa hakupatwa na sumu.

Nadai katika makala haya kwamba karatasi ya namna hiyo haina maana yoyote mpaka ituambie damu ilizidulika kwa njia gani. Kuzidua ni kuitoa sumu ndani ya damu na kuihamishia katika kiowevu safi ambacho mashine yaweza kukipima. Hatua hiyo haisifiwi na mtu. Wanafunzi wetu huonyeshwa picha za mashine za thamani kubwa, wakaambiwa kwamba hizo ndizo zinazogundua sumu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Jibu la mashine nalo limeundwa, na liliundwa mezani, kwa mrija na kiyeyushi, kabla mashine haijawashwa.

Nitaanza na kisa ambacho kila mwalimu anapaswa kukijua. Mnamo Julai 16, 2013, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Saran, jimbo la Bihar nchini India, watoto wa shule ya msingi walipewa chakula cha mchana cha wali na mchuzi wa viazi na soya. Baada ya muda mfupi walianza kutapika na kuumwa na tumbo. Watoto 23 walifariki. Uchunguzi wa maabara ya serikali ulionyesha kwamba mafuta yaliyopikiwa chakula hicho yalikuwa na monokrotofosi, dawa ya kuua wadudu ya jamii ya oganofosfati inayotumiwa mashambani.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kilitokea shuleni, katika sufuria la chakula cha watoto, mahali ambapo mzazi hategemei hatari yoyote. Ya pili ni tabia ya monokrotofosi yenyewe. Ingawa ni kiuadudu, huchanganyika na maji kwa kiasi chochote kile. Katika jambo hilo haifanani na DDT, ambayo huyachukia maji na kuyapenda mafuta mara milioni kadhaa zaidi. Wala haifanani na klopirifosi, ambayo ni ndugu yake wa jamii moja ya oganofosfati lakini hupendelea mafuta kuliko maji kwa zaidi ya mara elfu kumi. Basi tuna sumu tatu, zote zikiitwa viuadudu, na kila moja ina mahali pake pa kujificha ndani ya damu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Damu nayo si maji matupu. Lita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya hubeba zaidi ya gramu 100 za himoglobini, mbali na protini nyingine, mafuta, sukari na chumvi. Sumu tunayoitafuta aghalabu hupimwa kwa maikrogramu au nanogramu katika mililita moja, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ukiimimina damu hiyo moja kwa moja katika mashine ya kromatografia, protini zitaganda ndani ya mirija yake myembamba na mashine itaziba. Ndiyo maana hakuna budi kuzidua kwanza. Swali ni kwa njia gani.

Njia kongwe ni ya viowevu viwili visivyochanganyika. Kila aliyesoma kemia ya sekondari ameiona funeli ya kutenganisha. Damu hutiwa ndani pamoja na kiyeyushi kama heksani, vikatikiswa kwa nguvu, kisha vikaachwa vitulie. Kinachopenda mafuta huhamia katika heksani, na kinachopenda maji hubaki katika damu. Kwa DDT, njia hii ni ya kutegemewa. Lakini mtafute mtoto aliyekula monokrotofosi kwa njia hiyo hiyo! Heksani itapanda juu ikiwa safi na yenye kung'aa, mtaalamu ataichota na kuipima kwa uangalifu wote, na jibu litakuwa kwamba hakuna kitu. Sumu ingali chini, katika ile damu iliyomwagwa. Huo ndio wavu wa papa.

Naam, mtaalamu aweza kubadilisha kiyeyushi akatumia asetati ya ethili au dikloromethani, ambavyo huvuta hata molekuli zenye kupenda maji kiasi. Hapo wavu umepunguzwa matundu. Hata hivyo zabaki taabu nyingine. Damu na kiyeyushi vikitikiswa pamoja mara nyingi hufanya utando mzito kama maziwa yaliyoganda, usiotengana upesi, na sumu hunaswa humo. Isitoshe, kiyeyushi kingi hutumika, kisha hubidi kukaushwa kwa mkondo wa gesi ya naitrojeni ili kilichomo kibaki kidogo na kikolee. Sumu yenye kuruka hewani upesi, kama vile daiklovosi, huweza kupotea wakati huo wa kukausha, na mtu asijue kwamba ameipuliza dirishani kwa mkono wake mwenyewe.

Njia ya pili ni nyepesi kuliko zote. Hutiwa asetonitraili katika damu, tuseme sehemu tatu kwa sehemu moja ya damu, na protini huganda papo hapo kama ute wa yai ndani ya maji ya moto. Mrija huzungushwa kwa kasi katika mashine, vilivyoganda hushuka chini, na maji ya juu huchotwa yakapimwa. Ni kazi ya dakika chache. Kwa kuwa asetonitraili huchanganyika na maji, monokrotofosi haina pa kukimbilia. Kasoro yake ni kwamba protini pekee ndizo zilizoondolewa. Mafuta, chumvi na vinginevyo vingi vimo bado, na vinapoingia katika mashine pamoja na sumu huweza kuizima sauti yake, hata sumu ya kiasi kikubwa ikaonekana ni ya kiasi kidogo. Mfano wake ni mtu anayesema katikati ya soko la Kongowea: hajanyamaza, ila hasikiki.

Njia ya tatu ni kuipitisha damu iliyokwisha kuzimuliwa katika kichujio kidogo kilichojazwa chembe ngumu zenye uwezo wa kuinasa sumu. Uchafu huoshwa kwa maji, kisha sumu hung'olewa kwa matone machache ya kiyeyushi. Kinachotoka ni safi kuliko katika njia zile mbili, na sumu iliyokuwa kidogo huwa imekusanywa pamoja. Lakini vichujio hivyo hununuliwa, na aghalabu kila kimoja hutumika mara moja tu. Damu ambayo haikuandaliwa vizuri huviziba. Zaidi ya hayo, vichujio vya kawaida vilivyovikwa minyororo ya kaboni 18 hushika vizuri zile molekuli zinazopenda mafuta, ilhali monokrotofosi huweza kuponyoka pamoja na maji ya kuoshea. Kunavyo vichujio vya aina nyingine vinavyoishika vizuri zaidi, ila ni lazima mtaalamu ajue hivyo kabla ya kuagiza.

Njia ya nne ni changa. Ilitangazwa mwaka 2003 na Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao, nayo hujulikana kwa jina la QuEChERS, lililoundwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya upesi, wepesi, unafuu, ufanisi, uimara na usalama. Haikubuniwa kwa ajili ya damu. Ilibuniwa ili kupima mabaki ya viuadudu katika matunda na mboga: gramu 10 za mboga iliyosagwa, mililita 10 za asetonitraili, gramu 4 za salfeti ya magnesi na gramu 1 ya chumvi ya kawaida. Asetonitraili huingia kila mahali palipo na maji. Kisha chumvi hizo huyavuta maji upande wao, asetonitraili ikajitenga na kupanda juu ikiwa imebeba sumu. Baadaye hunyunyizwa unga maalumu unaonyonya uchafu wa asidi za mafuta na sukari, na kiowevu kikawa tayari kupimwa.

Wataalamu wa sumu waliona kwamba kilichofaa kwa kabichi chaweza kufaa kwa damu, wakapunguza vipimo hadi mililita moja ya damu au pungufu yake. Uzuri wa njia hii ni upana wa wavu wake: hunasa zinazopenda maji na zinazopenda mafuta kwa pamoja. Nayo ina dosari zake. Mtu akinyunyiza unga wa kaboni ili aondoe rangi, huweza kuondoa pia sumu zenye molekuli bapa. Na sumu ikiwa ndogo mno, njia hii haiikusanyi kama kichujio kinavyofanya.

Ipi basi iliyo bora? Hapo ndipo nitofautianapo na wale wanaotaka jibu la neno moja. Anayechunguza DDT iliyosalia katika damu za wakulima wa zamani anajua anachokitafuta. Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1986, lakini dawa hiyo na mabaki yake hukaa mwilini kwa miaka mingi, yakijihifadhi katika mafuta. Heksani yamtosha, na usiache mbachao kwa msala upitao. Anayetafuta viuadudu vya jamii ya pareto, ambavyo hutiwa katika vyandarua vyetu na kupulizwa majumbani mwetu, ana shida tofauti, kwa kuwa mwili huvivunja kwa saa chache tu. Huyo atahitaji njia inayokusanya kilicho kidogo, na pengine atafanya busara kuutazama mkojo badala ya damu. Lakini mganga aliyeletewa watoto wanaotokwa na mate, mboni za macho zikiwa zimesinyaa, wala hakuna ajuaye walikula nini, huyo hawezi kuchagua wavu kwa ajili ya samaki asiyemjua. Kwake nasema aanze na wavu mpana, yaani asetonitraili na chumvi zake, kisha ndipo aende katika njia finyu.

Msomaji mmoja ataniuliza: je, mganga huyo atangoja maabara, mtoto akikata roho? La, hasha. Sumu za oganofosfati na kabamati huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, na dalili zake zajulikana. Mganga huanza kutibu kwa atropini mara azionapo. Tena kipo kipimo cha kolinesterasi kilichotangazwa na George Ellman na wenzake mwaka 1961, ambacho hutoa rangi ya manjano na hakihitaji uziduaji huu wote. Nakubali hayo yote. Ila kolinesterasi husema tu kwamba kimeng'enya kimezuiwa. Haisemi ni nani aliyekizuia. Haituambii ni chupa gani ya kuondolewa katika ghala la shule, wala ni duka gani la kufungwa, wala ni watoto gani wengine waliokula chakula hicho na bado hawajaugua. Kwa DDT na kwa jamii ya pareto kipimo hicho hakisemi lolote. Mahakama nayo huhitaji jina la sumu, si dalili zake pekee.

Hata namna ya kuiteka damu ina neno lake. Mirija yenye chumvi ya floridi hupendwa kwa kuwa floridi huvizuia vimeng'enya vya damu visiendelee kuivunja sumu ndani ya mrija. Lakini floridi hiyo hiyo huizuia kolinesterasi. Mganga akitumia mrija mmoja kwa kazi zote mbili, kipimo cha kolinesterasi kitaonyesha sumu hata kwa mtu ambaye hakuigusa. Kwa hiyo hutakiwa mirija miwili, na barafu, na mtu ajuaye sababu.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Mtaalamu atajuaje kwamba wavu wake unanasa? Dawa ya swali hilo ni kongwe na si ghali. Huchukua damu safi, akatia ndani yake sumu ya kiasi anachokijua, tuseme nanogramu 100, kisha akaizidua na kuipima kama afanyavyo kwa mgonjwa. Akipata 90, wavu wake ni mwema. Akipata 35, na kila akirudia anapata 35 au karibu na hapo, bado aweza kusahihisha hesabu yake. Akipata 35 leo, 80 kesho na 10 mtondo, basi njia yake haifai, hata kama mashine yake ni ya mamilioni. Miongozo ya Ulaya ya kupima viuadudu katika chakula huitaka maabara irejeshe kati ya asilimia 70 na 120 ya kile ilichokitia. Wengine hutia katika kila sampuli molekuli pacha ya sumu, iliyoundwa kwa hidrojeni nzito, ili potelea lolote limpate pacha huyo pia na lijulikane.

Hayo ndiyo ningependa yaandikwe katika kila ripoti: njia ya kuzidua, kiasi kilichorejeshwa katika jaribio, na kiasi kidogo kabisa ambacho maabara hiyo ina uwezo wa kukiona. Ripoti ikisema hakuna sumu iliyozidi kiasi fulani, iliyotafutwa kwa njia fulani, hiyo ni kauli ya kisayansi. Ikisema hakuna sumu, basi, ni uvumi uliopigwa mhuri. Wakili, hakimu na mzazi wana haki ya kuuliza, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nanyi walimu, hamhitaji damu wala sumu ili kuyafundisha haya. Chemsheni maua ya choya hadi maji yawe mekundu, mwache yapoe, kisha tieni kijiko cha bizari ya manjano. Mimineni maji hayo katika chupa, ongezeni mafuta ya kupikia, tikiseni na mwache vitulie. Mafuta yatapanda juu yakiwa ya manjano, na wekundu wa choya utabaki chini katika maji. Kisha mwiteni mwanafunzi ambaye hakuwapo, mwonyesheni mafuta pekee, na mumwulize kama chupa ile ilikuwa na choya. Atasema haikuwa nayo. Atakuwa amesema kweli kuhusu mafuta, na kukosea kuhusu chupa. Mwanafunzi akilielewa hilo ameelewa kwa nini heksani isingeiona monokrotofosi, na hatalisahau hata akiwa daktari au hakimu.

Wanafunzi nao nawaomba waache kuidharau meza ya maandalizi. Nimewasikia wengi wakitamani kuitwa wataalamu wa mashine, wala sijamsikia hata mmoja akitamani kuitwa mtaalamu wa kuzidua. Mashine hununuliwa kwa fedha, na fedha hukopwa. Ujuzi wa kuchagua kiyeyushi kinacholingana na sumu haukopeki. Maabara yenye mashine ya zamani na mtu mwangalifu mezani itaokoa wengi kuliko maabara yenye mashine mpya na mtu aliyefundishwa kubonyeza vitufe.

Jambo la mwisho ni la jikoni. Kisa cha Bihar kilianza na kiuadudu kilichoingia katika mafuta ya kupikia. Hakuna uziduaji unaoweza kurudisha saa nyuma. Kila shule yenye bustani au ghala la nafaka na ihakikishe kwamba dawa za wadudu zimefungiwa mbali na jiko, na kwamba chombo kilichowahi kutiwa dawa hakiingizwi jikoni hata kikioshwa mara saba. Hiyo ni kinga, na kinga ni bora kuliko tiba.

Lakini kinga ikishindwa, na karatasi yenye mhuri ikaletwa mbele ya mzazi aliyefiwa, mzazi huyo anastahili zaidi ya neno moja la kukana. Anastahili kuambiwa ni wavu gani uliotupwa baharini.